Nani hulipia makaratasi ya zahanati Simiyu?

MKULIMA wa pamba anayempeleka mtoto mwenye homa katika zahanati ya kijiji, iwe Dutwa, Nkololo au kwingineko wilayani Bariadi, huanza safari kwa kuhesabu mambo matatu: umbali, nauli ya bodaboda na kazi aliyoiacha shambani. Lipo jambo la nne ambalo kwa kawaida halimo katika hesabu yake, nalo ni muda ambao muuguzi atautumia kuandika badala ya kutibu.

Muda huo si mdogo. Mgonjwa mmoja anaweza kuandikwa katika daftari lake mwenyewe, katika rejista ya wagonjwa wa nje, katika rejista ya maabara kama amepimwa malaria, katika kumbukumbu ya dawa alizopewa, na katika fomu ya madai kama ana bima. Mara nyingi jina, umri, jinsia na kijiji chake ni vilevile katika karatasi zote hizo. Anayeandika naye ni yuleyule, kwani zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wachache na hazina karani.

Swali la kujiuliza ni hili: mzigo huo wa makaratasi unamgharimu nani, na je, sheria inaweza kuupunguza? Zipo nchi zilizojaribu kuupunguza kwa sheria. Tanzania imejaribu kwa upande wa biashara na kilimo. Kwa upande wa vituo vya afya, hasa vile vya serikali yenyewe, kazi hiyo bado haijapata sheria yake.

Karatasi zinatoka wapi?

Ni vema kwanza ieleweke kwamba makaratasi haya hayakuletwa na mtu mmoja, wala hayakuletwa kwa nia mbaya. Kila karatasi ina historia na sababu yake.

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana na wengi kama MTUHA, ulianza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Una vitabu vyenye namba: kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha kujifungua, na kadhalika. Kila mwisho wa mwezi watumishi huhesabu mistari ya vitabu hivyo, hujaza fomu za muhtasari na kuzipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambako takwimu huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2 uliosambazwa nchi nzima katika miaka ya mwanzo ya 2010.

Ikaja bima. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ilitungwa mwaka 1999 na mfuko ukaanza kazi mwaka 2001, mwaka uleule ilipotungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Kila mwanachama wa NHIF anapotibiwa, kituo hujaza fomu ya madai. Dai lenye kasoro hukatwa au kurudishwa, kwa hiyo kalamu ya mhudumu sasa ina thamani ya fedha.

Yakaja mageuzi ya fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo badala ya kuishia halmashauri. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, kwa sababu zahanati ilipata uwezo wa kununua dawa iliyokosekana au kukarabati paa bila kusubiri. Lakini fedha zilikuja na mfumo wake wa hesabu na ripoti, FFARS, na mipango ikaanza kuandaliwa kupitia mfumo wa PlanRep. Mganga mfawidhi ambaye chuoni alifundishwa kutibu nimonia na kuzuia kutoka damu kwa wazazi, sasa anatakiwa pia kuandika hati za malipo.

Juu ya hayo kuna ripoti na maombi ya dawa yanayopelekwa Bohari ya Dawa, kuna kadi na rejista za kliniki za Virusi vya UKIMWI, kuna rejista za kifua kikuu, na kuna karatasi za misamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nyingi zilianzishwa na mpango fulani kwa ajili ya wafadhili fulani au wizara fulani. Kila mpango uliona fomu yake tu, na ni fomu moja. Zahanati ndiyo inayoziona zote kwa pamoja.

Hesabu ya mkulima

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu ni Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao milioni 1.58 katika eneo hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497, ikiwa ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka 10. Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu ni wilaya za wakulima na wafugaji, na mkoa huu ndio unaotajwa mara kwa mara kuwa kinara wa pamba nchini.

Hivyo gharama ya foleni katika mkoa huu ni gharama ya kilimo. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na palizi yake hushika kasi Desemba hadi Februari. Ni miezi ya mvua, na mvua ndiyo huleta mazalia ya mbu. Kwa maneno mengine, wakati shamba linahitaji mikono zaidi ndio wakati ambao familia hupata homa. Palizi iliyochelewa kwa wiki haifidiwi baadaye, kwa sababu magugu hayasubiri mtu atoke zahanati.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Zahanati inapokea wagonjwa 40 kwa siku, na uandishi unaojirudia, yaani kuandika mara ya pili na ya tatu kile ambacho kimekwisha kuandikwa, unachukua dakika 4 kwa kila mgonjwa. Hizo ni dakika 160 kwa siku, yaani saa 2 na dakika 40. Kwa siku 22 za kazi, zinafika takriban saa 59, sawa na zaidi ya siku 7 za kazi za mtumishi mmoja kila mwezi. Zahanati ya aina hiyo, kwa hesabu hiyo, imempoteza mtumishi wake kwa karibu theluthi ya mwezi bila ya yeye kwenda likizo wala kuhamishwa.

Tuendelee upande wa pili. Tuseme foleni hiyo inawafanya watu 10 kati ya 40 wapoteze nusu siku zaidi, na kibarua cha palizi ni Sh5,000 kwa siku. Kijiji kinapoteza Sh25,000 kila siku ya kazi, au Sh550,000 kwa mwezi. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa kuchangia Sh30,000 kwa mwaka. Hasara ya mwezi mmoja katika mfano huu ingetosha kulipia kaya 18 kwa mwaka mzima.

Namba hizo ni za mfano tu na kila zahanati ina hali yake. Lakini zinaonyesha jambo ambalo bajeti ya serikali haionyeshi. Fomu mpya haina kifungu cha matumizi, kwa hiyo huonekana ni ya bure. Ukweli ni kwamba inalipiwa kwa muda wa muuguzi na kwa jembe lililolala.

Wakulima wa pamba wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Pamba hupimwa kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, na uzito ukiandikwa ndio unaotumika katika malipo na ushuru. Kama halmashauri ingeleta mzani wake, bodi ikaleta wake, na kiwanda cha kuchambua kikaleta wake, na mkulima akatakiwa kushusha na kupakia mzigo mara tatu, kungekuwa na kelele kubwa. Katika zahanati mizani ni mingi, na kelele ni ndogo kwa sababu anayeshusha na kupakia ni muuguzi.

Marekani walifanya nini?

Nchi inayojulikana zaidi kwa kutunga sheria ya aina hii ni Marekani. Mwaka 1980 Bunge lake lilipitisha sheria ya kupunguza makaratasi ya serikali, na mwaka 1995 likaiandika upya na kuitia nguvu. Msingi wake ni rahisi. Idara ya serikali kuu inayotaka kukusanya taarifa zilezile kwa watu 10 au zaidi lazima kwanza ieleze inazitaka za nini, ikadirie zitachukua saa ngapi kwa anayejaza, iwape wananchi nafasi ya kutoa maoni, kisha ipate kibali cha ofisi ya bajeti ya Rais. Kibali hakizidi miaka 3. Fomu isiyoonyesha namba ya kibali, mwananchi hawezi kuadhibiwa kwa kutoijaza.

Hospitali za Marekani zinafaidika na sheria hiyo kwa sababu fomu za bima za serikali kwa wazee na maskini hupita katika mlango huo. Aidha, mwaka 1996 sheria nyingine ilitaka madai ya bima ya afya yanayotumwa kwa kompyuta yawe katika muundo mmoja wa kitaifa, badala ya kila kampuni ya bima kuwa na wake.

Hata hivyo, matokeo yake yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Sheria ya mwaka 1995 iliweka malengo ya kupunguza mzigo kwa asilimia 10 kwa mwaka katika miaka 2 ya mwanzo, na asilimia 5 kwa miaka iliyofuata. Malengo hayo hayakufikiwa. Kufikia miaka ya 2010, makadirio rasmi ya serikali hiyo yalikuwa zaidi ya saa bilioni 9 kwa mwaka zinazotumiwa na wananchi, kampuni na taasisi kujaza karatasi za serikali kuu. Sababu kubwa ni kwamba Bunge lilelile lililotaka makaratasi yapungue liliendelea kutunga sheria mpya zinazodai taarifa mpya.

Kuna funzo jingine linalohusu afya moja kwa moja. Kibali kinachukua miezi, na ugonjwa wa mlipuko hausubiri miezi. Ndiyo maana mwaka 2016 Marekani ililazimika kuweka kifungu kinachoruhusu masharti hayo kuwekwa kando wakati wa dharura ya afya ya jamii. Sheria inayozuia karatasi zisizo na maana inaweza, isipoandikwa vizuri, kuzuia pia karatasi inayotafuta mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu.

Nyumbani tumefika wapi?

Hapa Afrika Mashariki, Kenya ilitunga sheria ya kanuni na amri ndogo mwaka 2013. Inazitaka mamlaka zinazotunga kanuni zenye gharama kubwa kwa jamii kutayarisha tathmini ya athari zake, na kanuni hufikia ukomo baada ya miaka 10 isipokuwa zimefutwa mapema au muda wake umeongezwa. Haihusu fomu za zahanati moja kwa moja, lakini inaweka kanuni muhimu kwamba sharti la serikali lina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.

Tanzania nayo haijalala. Mpango wa BEST ulioanza mwaka 2003 ulilenga kupunguza vikwazo vya biashara. Mwaka 2018 serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama Blueprint, uliotambua kuwa mamlaka za udhibiti ni nyingi na majukumu yao yanagongana. Matunda yake yalionekana. Tarehe 1 Julai 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS), na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Mfanyabiashara wa mafuta ya kula ya pamba au alizeti hakuhitaji tena kupiga hodi milango miwili kwa bidhaa ileile. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3.

Kwa vituo binafsi vya afya hali bado ni nzito. Mtu anayetaka kufungua kituo chenye maabara, duka la dawa na mashine ya eksirei katika mji kama Bariadi anashughulika na usajili wa hospitali binafsi, bodi ya maabara, Baraza la Famasi, Tume ya Nguvu za Atomu, OSHA, Zimamoto, mamlaka ya kodi na halmashauri. Kila mmoja ana kazi halali. Mionzi ni hatari na moto ni hatari. Tatizo ni kwamba kila mmoja huanza upya kuuliza jina la mmiliki, mahali kilipo kituo na idadi ya watumishi.

Kwa vituo vya serikali kuna tatizo la aina yake. Mageuzi ya Blueprint yanamwangalia mwekezaji, mtu wa nje anayesumbuliwa na serikali. Zahanati ya kijiji si mwekezaji. Ni mali ya halmashauri, nayo halmashauri ni sehemu ya serikali. Kwa hiyo mzigo unaotoka wizarani kwenda zahanati huhesabiwa kuwa ni maelekezo ya ndani, wala hauonekani kama kero. Sheria ya Marekani ililiona hilo, ikazihesabu serikali za majimbo na za mitaa miongoni mwa wanaobebeshwa mzigo na serikali kuu. Sheria yoyote ya hapa nchini isiyoihesabu halmashauri kama mbeba mzigo itaishia kusaidia hospitali za mijini na kuziacha zahanati za vijijini kama zilivyo.

Kompyuta si dawa ya yote

Wapo wanaosema kuwa tatizo litaisha lenyewe kwa sababu kila kitu kinaingia katika kompyuta. Ni kweli kwamba mfumo wa GoTHOMIS unapofanya kazi vizuri, mgonjwa huandikwa mara moja na taarifa zake zikaenda kwa daktari, maabara na dawa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka msingi wa taasisi za umma kuunganisha mifumo yao, na Rais Samia Suluhu Hassan amesisitiza mara kadhaa kwamba mifumo ya serikali isomane.

Lakini mifumo isiyosomana ni makaratasi yaliyobadilisha sura. Pale umeme unapokatika au mtandao unaposuasua, zahanati huandika kwenye kitabu kwanza kisha huingiza kwenye kompyuta usiku, na hapo kazi moja imekuwa mbili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inazitaka taasisi kukusanya taarifa kwa lengo linaloeleweka na kwa kiasi kinachohitajika. Hiyo ni silaha ambayo bado haijatumiwa vya kutosha: taarifa isiyo na matumizi haipaswi kuulizwa.

Suala la miradi nalo ni la kuangaliwa. Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka 2025, nchi nyingi zilipata somo. Mradi unaweza kuondoka pamoja na mshahara wa mtu aliyekuwa akijaza rejista, lakini rejista yenyewe ikabaki kituoni ikimsubiri muuguzi.

Nini kifanyike?

Jambo la haraka linatokana na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, ambayo inalenga kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Ni sheria yenye manufaa makubwa kwa kaya za wakulima ambazo ugonjwa mmoja unaweza kuzilazimisha kuuza ng'ombe. Lakini kila mwanachama mpya ni dai jipya la kujazwa. Zahanati iliyozoea madai machache itakuwa na madai ya karibu kila mgonjwa. Ikiwa fomu zitabaki zilivyo, bima itakayomwondolea mkulima gharama ya dawa itamrudishia gharama hiyo kwa njia ya foleni.

Hatua ya kwanza haihitaji hata Bunge. Halmashauri inaweza kuchagua zahanati chache, ikahesabu fomu na rejista zote zinazojazwa kwa mwezi mmoja, ikapima dakika za kila moja, na ikaandika ni nani anayezisoma. Fomu isiyo na msomaji iondolewe. Orodha hiyo ikipelekwa mkoani na TAMISEMI itakuwa na uzito kuliko malalamiko.

Pili, kila mpango mpya wa afya unaoleta rejista ulazimike kueleza unaondoa ipi, na rejista yake iwe na ukomo wa miaka. Tatu, utambulisho wa mgonjwa uchukuliwe mara moja. Mkulima huyu tayari yumo katika kumbukumbu za NIDA, katika daftari la ruzuku ya pembejeo na katika kitabu cha AMCOS yake. Hakuna sababu ya kumuuliza upya jina la kijiji kila anapougua. Nne, fedha zinazopelekwa vituoni ziambatane na mhasibu msaidizi anayehudumia zahanati kadhaa, ili mtabibu arudi kwenye kutibu.

Sheria kamili inaweza kufuata baada ya hapo, ikiwa na mlango wa dharura kwa magonjwa ya mlipuko, na ikiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa wizara inayotaka fomu nyingine. Bila mamlaka hayo, uzoefu wa Marekani unaonyesha kuwa malengo ya asilimia hubaki kwenye karatasi, nayo karatasi huongezeka.

Takwimu za afya zina umuhimu wake. Bila MTUHA, serikali isingejua ni wapi wajawazito wanakosa huduma wala dawa ipelekwe wapi. Hakuna anayependekeza zahanati iendeshwe bila kumbukumbu. Kinachotakiwa ni kwamba kila mstari unaoandikwa uwe na kazi, na uandikwe mara moja. Msimu wa palizi utakapofika tena Bariadi, mama aliyeacha jembe ili ampeleke mtoto zahanati anastahili kurudi shambani kabla jua halijawa kali.